HERENI ZA MKEO SI MSHAHARA WAKO



Sifa njema zote ni za Allah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Leo nasema na waume. Akina mama someni, lakini wanaoitwa ni waume, na hasa wale wanaoswali safu ya mbele, wanafunga Jumatatu na Alhamisi, kisha wanarudi nyumbani kuhesabu pesa zisizo zao.

Mnajua kwamba siku hizi mitaani kwetu wanawake wengi wamejifunza kutengeneza hereni za waya. Kazi yenyewe ni ya kukaa chini na kutuliza mkono. Anakata waya wa shaba vipande viwili vilivyolingana, anauzungusha kwenye koleo ndogo yenye midomo ya duara mpaka upate kitanzi, anapitisha shanga, anakunja kulabu ya kuingia sikioni, anasugua ncha kwa msasa isije ikamchana mtu. Akimaliza moja anaanza upya, maana masikio ni mawili na ya pili lazima ifanane na ya kwanza. Mwenye uwezo ananunua waya mpya. Asiye na uwezo anautafuta kwa mafundi, kwenye mota zilizoungua, na huo una vanishi juu yake, lazima aukwangue kwanza kabla haujang'aa. Anafanya haya usiku, watoto wamelala. Macho yanamuuma na vidole vina michubuko. Kesho yake anazipiga picha, anazipeleka kwa walimu wa shule ya jirani, kwa bibi harusi, kwa wenzake wa kikoba. Jozi 3,000, jozi 5,000.

Ni kazi ya halali na ya heshima. Anayeiita mchezo wa watoto asome Surat Saba, aya ya 10 na ya 11. Allah alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, akamuamrisha atengeneze deraa na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Nabii anaamrishwa kupima pete za chuma! Na Mtume wetu (s.a.w.) akatueleza, kama alivyopokea Bukhari, kwamba Daud alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Basi mkeo akipima kitanzi chake cha waya usimcheke.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Nimechoka na kesi. Mama anakuja msikitini, anakaa kwenye mkeka wa nyuma, anaeleza huku anaangalia chini. Alipoanza kuuza hereni, mwezi wa kwanza mume alifurahi. Mwezi wa pili akaanza kukopa, na hakurudisha. Mwezi wa tatu akaacha kutoa hela ya matumizi: "Si unauza hereni, nunua unga." Mwezi wa nne laini ya simu inayopokea pesa iko mfukoni mwa mume, na namba ya siri anaijua yeye. Akidai, anaambiwa hana adabu, mke mwema hahesabiani na mumewe. Msidhani ni mama mmoja. Ni wengi, na maneno ya waume zao yanafanana kana kwamba wamesomeshwa chuo kimoja.

Ndugu yangu, chuo hicho si cha Kiislamu. Allah katika Surat An-Nisaa, aya ya 32, amesema wazi kwamba wanaume wana fungu lao katika walichokichuma na wanawake wana fungu lao katika walichokichuma. Fungu lake ni lake. Wewe hukuzaliwa ndani ya fungu lile, hukuoa fungu lile, na mahari uliyotoa haikununua vidole vyake.

Utaniambia, "Ustadh, mimi ni msimamizi, aya ya 34 imesema." Vizuri, isome mpaka mwisho wa sentensi. Usimamizi ule umefungamanishwa na wewe kutoa katika mali yako. Wewe unataka kiti cha usimamizi kinacholipiwa na waya wa mkeo.

Na sisi huku pwani ni Mashafii, tunajisifu kwa hilo, vitabu tumevisoma kwenye mikeka tangu utotoni. Basi tuambiane vinasema nini. Imam Nawawi katika Minhaj ameweka nafaqa ya mke kwa vipimo: mudi mbili za chakula kila siku kwa mume mwenye uwezo, mudi moja na nusu kwa wa kati, mudi moja kwa aliye dhiki. Hata maskini amewekewa kibaba chake. Hakuna mahali ameandika "isipokuwa mke akiwa na biashara." Mke tajiri na mke fukara nafaqa yao ni haki yao. Na kuna jambo zito zaidi ambalo waume wengi hawataki kulisikia: katika madhehebu yetu, nafaqa ya mke isiyotolewa haifi kwa siku kupita. Inabaki shingoni mwa mume kuwa ni deni, hata kama kadhi hajaihukumu. Kwa hiyo ile miezi uliyomwambia "nunua unga kwa hereni zako", kama hakuridhia, kila siku yake imeandikwa. Ukifa kesho, mkeo ana haki ya kudai deni lake kabla watoto na ndugu zako hawajagawana chochote.

Wengine wana hoja ya mtaji. "Mimi ndiye niliyemnunulia koleo na waya wa mwanzo." Sawa, niambie ulimpa kwa njia gani. Kama ulimkopesha, dai mkopo wako, shilingi zile zile, bila nyongeza. Kama mlishirikiana kwa makubaliano ya faida, chukua sehemu mliyokubaliana. Kama ulimpa zawadi, imekwisha, na unajua Mtume (s.a.w.) alimfananisha na nini mtu anayerudia zawadi yake: mbwa anayerudia matapishi. Bukhari na Muslim wamepokea. Halafu yupo anayesema hereni zinatengenezwa sebuleni kwake, kwa taa yake. Subhanallah! Makazi ni haki yake juu yako. Unataka kumtoza kodi mke kwenye nyumba uliyoamrishwa kumweka?

Wenye elimu kidogo huja na Hadithi. Wanasema imepokewa kwa Abu Daud kwamba mwanamke hana ruhusa ya kutoa kitu katika mali yake ila kwa idhini ya mumewe. Hadithi ipo, siifichi. Lakini wanazuoni walio wengi hawakuichukua kwa udhahiri wake. Wapo walioieleza kuwa ni adabu na kupendezeshana kati ya mke na mume, wapo walioihusisha na asiyejua kutunza mali, na Imam Malik akauweka mpaka wake kwenye theluthi. Kwa nini? Kwa sababu mbele yao wana Hadithi zilizo na nguvu zaidi. Mama yetu Maymuna (r.a.) alimwacha huru kijakazi wake bila kumtaka idhini Mtume (s.a.w.), na alipomweleza hakukibatilisha kitendo chake. Alimwambia tu kwamba lau angewapa wajomba zake ujira wake ungekuwa mkubwa zaidi. Na huyu ni mume gani? Ni Mtume wa Allah!

Na iko Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) ambayo kila ninapoona hereni huikumbuka. Siku ya Idi, baada ya swala, Mtume (s.a.w.) aliwaendea wanawake pamoja na Bilal, akawahimiza kutoa sadaka. Wakaanza kuvua. Huyu anavua hereni, huyu anavua kidani, wanatupa kwenye nguo ya Bilal. Waume zao walikuwa hapo hapo uwanjani. Hakuna aliyeitwa kuulizwa kama ameridhia. Imam Nawawi na wengineo wameitumia Hadithi hii kuwa dalili kwamba mwanamke hutoa katika mali yake bila kungoja idhini ya mume. Hereni hizo hizo, ndugu yangu, ndizo unazozikalia.

Hata tungeichukua ile Hadithi ya Abu Daud kama unavyotaka wewe, bado haikusaidii. Inazungumzia yeye kutoa. Haikusema wewe uchukue.

Mama yetu Zaynab bint Jahsh (r.a.) alikuwa fundi, akidabagha ngozi na kuzishona kwa mkono wake, na alichokipata akikitoa sadaka mwenyewe. Yupo na Ummu Zar', katika ile Hadithi ndefu ya Bibi Aisha, aliyemsifu mumewe kwamba aliyajaza masikio yake mapambo mpaka yakaning'inia. Mume wa zamani anavisha masikio ya mkewe. Wa leo anayavua.

Sisemi mke asimsaidie mumewe. Kazi zimeyumba, najua, na mimi ninaishi humu humu. Mke wa Ibn Mas'ud (r.a.) aliuliza kama sadaka yake kwa mumewe inafaa, akajibiwa kwamba ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Lakini angalia neno: sadaka. Anatoa mwenyewe, akiwa na uwezo wa kutotoa. Mwanamke aliyenyang'anywa laini ya simu hajatoa kitu. Na aliyetoa kwa sababu umemwaibisha mbele ya mama yako, wanazuoni wamekwisha kusema kwamba kinachochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu.

Kuhusu kumkataza kazi yenyewe: una haki zako, na kazi isizipoteze. Lakini kazi ya ndani ya nyumba isiyokudhuru, Ibn Abidin, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi wa Damascus, amesema hakuna msingi wa kumzuia. Nimemtaja makusudi, maana wapo wanaokataza hereni leo kwa kuwa mke amekataa kuwapa pesa jana.

Na nyinyi dada zangu msidhani mmepona. Waya wa shaba uitwe shaba. Nimeona picha zimeandikwa "dhahabu" na kumbe ni shaba ya njano iliyosuguliwa vizuri. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini kimelowa, akasema maneno mnayoyajua kuhusu mwenye kughushi. Kama kulabu zina nikeli mwambieni mnunuzi, wapo ambao masikio huwawasha na kutoa maji. Na msikunje waya umbo la jicho mkauza kuwa ni kinga ya husuda, hiyo ni hirizi hata ikiwa na shanga nzuri.

Mume mwenye laini ya mkewe mfukoni amrudishie leo kabla ya Isha, abadilishe mwenyewe namba ya siri. Kisha wakae na daftari, waandike miezi ambayo matumizi hayakutoka. Akisamehe kwa moyo wake, ni ihsani yake. Asiposamehe, mpangieni malipo kidogo kidogo. Mkishindwa kuhesabu, njooni wote wawili baada ya Alasiri, mlango wa ofisi ya msikiti uko wazi.

Wallahu a'lam.