Ndege Ikizunguka Angani, Mwachieni Rubani Muda
Na Mwanaidi Kombo

Ndege ikichelewa kutua, abiria huanza kunung'unika. Huyu anatazama saa, yule anamwita mhudumu na kuuliza tunasubiri nini. Nawaelewa, maana chini kuna mgonjwa, kuna biashara, kuna watoto wanaongoja. Lakini mimi namwogopa zaidi rubani anayekimbilia kutua kabla hajajua breki zake zimebaki na nguvu kiasi gani.

Novemba 4, 2010, ndege ya shirika la Qantas aina ya Airbus A380 iliruka kutoka Singapore kwenda Sydney ikiwa na watu 469. Dakika chache tu hewani, injini ya ndani ya upande wa kushoto ikapasuka. Vipande vya diski yake vikatoboa bawa, vikakata nyaya na mabomba, mafuta yakaanza kuvuja. Hata hivyo, Kapteni Richard de Crespigny na marubani wenzake wanne hawakugeuza kutua papo hapo. Walizunguka jirani na uwanja, wakishughulikia onyo moja baada ya jingine kwenye skrini kwa karibu saa nzima.

Walikuwa na sababu. Baadhi ya magurudumu yalikuwa yamepoteza mfumo unaoyazuia kujifunga, na bila mfumo huo, breki ikikandamizwa sana tairi huacha kuzunguka, huburuzwa kwenye lami na kupasuka. Kati ya injini mbili zinazoweza kugeuza msukumo ili kusaidia kusimamisha ndege, ilikuwa imebaki moja. Mafuta mengi ya safari ndefu yalikuwa bado matangini na kuyamwaga angani hakukuwezekana, kwa hiyo ndege ilikuwa na uzito uliozidi kiwango cha kutua kwa tani 50 hivi.

Wakaingiza hitilafu zote kwenye kompyuta ya kukokotoa umbali wa kutua. Haikutoa jibu. Wakarudia hesabu wakichukulia kuwa njia ya kutulia ni kavu, kwa kuwa siku hiyo njia ya uwanja wa Changi, Singapore, haikuwa na maji, ndipo jibu likaja: kati ya mita 4,000 za njia hiyo zingebaki 100, yaani urefu wa kiwanja kimoja cha mpira. Hesabu hiyo ndiyo iliyowaambia watue kwa kasi gani, na kwamba hawana nafasi ya kukosea.

Walitua karibu saa mbili baada ya kuruka, wakasimama mita 150 hivi kabla ya mwisho wa njia. Matairi manne yalipasuka, breki zikafika nyuzi joto 900 za Selsiasi, na bawa la kushoto likawa linamwaga mafuta. Injini moja ikakataa kuzimika. Wengi wetu tungepiga kelele milango ifunguliwe. Kapteni akawabakiza watu vitini wakati zimamoto wakimwaga povu, kwa sababu kuwatelezesha chini karibu na mafuta na injini inayonguruma kungekuwa hatari zaidi. Baadaye wakashuka kwa ngazi za kawaida, upande wa kulia. Hakuna aliyejeruhiwa.

Ninayaandika haya nikiwafikiria pia wakubwa wa mashirika ya ndege. Shirika linalomkaripia rubani kwa mafuta aliyoyachoma akizunguka linamfundisha kubahatisha, na rubani aliyezoea kubahatisha hatakuwa na ujasiri wa kurudia hesabu siku breki zitakapomsaliti. Abiria nao wana haki ya kuambiwa ukweli, kwa lugha wanayoielewa: tuna tatizo la breki, tunapiga hesabu, tutachelewa. Tangazo fupi la aina hiyo kwa Kiswahili, kwenye safari zetu za Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, lingewatuliza watu kuliko ukimya wa nusu saa. De Crespigny aliongea na abiria wake hata walipokwisha fika salama: aliwafuata ukumbini, akawaeleza kilichotokea, akawapa na namba yake ya simu.