MASHAURI KWA WENYE MALAMBO

Wasomaji wetu wa Garissa, Wajir na Mandera wajua vema hatari ya uchache wa maji. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita pasipo mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa. Hatari ya wingi wa maji tulikumbushwa Novemba 2023, mafuriko yalipoikata hata njia ya Nairobi.

Katika ukame ule nilimtembelea mzee mmoja aliyejichimbia lambo kwa fedha zake. Kando ya ukuta wa udongo palikuwa na mfereji wa kutolea maji yaliyozidi, naye ameuziba kwa magunia ya mchanga. Nilipomwuliza sababu, akanijibu, "Karani, wewe maji yako hutoka bombani. Mimi nina ngamia arobaini. Niyatazame tu maji yakienda zake porini?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la haraka. Novemba ile maji yalipanda hata yakapita juu ya ukuta, yakachimba ufa mdogo, na kabla ya alfajiri ufa umekuwa mpana wa kupitisha lori. Lambo lote likawa tupu. Wenye nyumba mbili za bondeni walikuwa wamehama na mifugo yao, Mungu ashukuriwe.

Watu wa Solai, Nakuru, hawakusalimika hivyo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel, lililokuwa mali ya mtu binafsi, lilipasuka, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Ukuta wa udongo huvumilia maji yanayouegemea, bali hauvumilii maji yanayopita juu yake. Kwa hiyo mfereji huo na upite pembeni, katika ardhi ngumu ya asili, wala si juu ya ukuta wenyewe. Na sakafu yake iwe chini ya kilele cha ukuta, yapata mita moja kwa lambo dogo. Usizibwe kamwe, hata kwa matawi ya miiba.

Tena tazameni mathenge. Mti huu huota upesi ukutani, na mizizi yake ikifa na kuoza huacha njia ya maji ndani kwa ndani. Ung'olewe ungali mchanga. Mashimo ya panya na nungunungu yafukiwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Mifugo isikanyage ukuta: zungusheni ua, mkainyweshee penginepo.

Maji yakivuja chini ya ukuta, yatazameni rangi. Yakiwa machache na maangavu, yaangalieni kila siku. Yakiwa na tope, yanauchukua ukuta wenyewe! Hapo waambieni kwanza walio bondeni wahame, hata kama ni usiku, kisha ndipo mtafute afisa. Na atakaye kujenga lambo aombe kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji mapema, maana makosa mengi huonekana wakati wa kupima.

Mzee yule amejenga upya. Mfereji wake sasa ni mpana kuliko ule wa kwanza, na maji yapitayo humo ameyachimbia shimo la pili, mbali kidogo, ambako huwanyweshea ndama wa ngamia.