Upepo ndio rejeta ya bodaboda, tusiuzibe

Pikipiki ikinoki mapema katika njia za Mkinga, maelezo hayatafutwi mbali. Ama ni jua la Tanga, ama ni "mtambo wa Kichina", na akitokea mwenye Boxer au TVS basi ni "Mhindi siku hizi anatengeneza chuma chepesi". Maelezo haya yana utamu wake, kwa sababu hayamgusi mtu yeyote aliyepo kijiweni. Mimi naona yote mawili yamekosea njia. Injini nyingi ndogo za ukanda huu wa kutoka Tanga mjini hadi Horohoro zinakufa kabla ya siku zao kwa sababu upepo uliokusudiwa kuzipoza umezibwa, na walioziba ni wenyewe wanaozitegemea: mwenye chombo, dereva, fundi na yule anayeshona makava.

Tuanze na jua, maana ndilo linaloshitakiwa kwanza. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta kuwa mwendo, ikijitahidi sana huzidisha kidogo. Kinachobaki ni joto. Sehemu kubwa hutoka na moshi kwenye ekzosi, na iliyosalia huingia kwenye chuma cha silinda na hedi, nacho kinapaswa kulitoa nje dakika hiyo hiyo. Gari lina maji, pampu, rejeta na feni vya kufanya kazi hiyo. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 tunazopanda kila siku hazina kimojawapo. Zina yale mapezi ya chuma mbavuni mwa silinda, zina oili ya takriban lita moja, na zina upepo wa mwendo. Basi. Sasa piga hesabu. Hedi ikiwa na nyuzi 180 na hewa ya Tanga mwezi wa Februari ina nyuzi 33, tofauti ni 147. Ipeleke pikipiki hiyo hiyo mahali penye baridi ya kiasi, nyuzi 25, tofauti inakuwa 155. Joto hutoka kwa kadiri ya tofauti hiyo, kwa hiyo jua letu linainyima injini asilimia tano tu ya uwezo wake wa kupoa. Lakini punguza upepo unaopita kwenye mapezi kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 20, na uwezo huo unashuka kwa karibu nusu. Asilimia tano na nusu nzima ni vitu viwili tofauti kabisa, na ni ajabu kwamba tunabishana juu ya hiyo ndogo.

Lami ya Tanga hadi Horohoro, kilomita zipatazo 65 zilizojengwa kwa fedha za Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, ni rafiki mkubwa wa injini hizi. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 au 60 bila kusimama inapoa vizuri hata ikiwa na abiria. Hata huko, hata hivyo, kuna jambo ambalo mabaharia wa Moa wanalijua kwa ngalawa zao na madereva hawalifikirii kwa pikipiki zao. Kinachopoza injini ni upepo unaoigonga, na mshale wa spidi hauupimi huo. Kutoka Horohoro mpakani, barabara ile inakwenda karibu moja kwa moja kusini. Msimu wa kaskazi, ambao ndio msimu wa joto, anayetoka mpakani kwenda mjini anasukumwa mgongoni. Kaskazi ya kilomita 20 kwa saa, ambayo si kali, ikivuma kutoka upande ule wa kaskazini mashariki, inamla kama kilomita 14 za upepo wake. Mshale unasoma 50, mapezi yanapata 36 hivi. Anayekuja kinyume chake, kutoka Tanga kwenda Horohoro saa hiyo hiyo, anapata zaidi ya 60. Pikipiki moja, barabara moja, jua moja.

Shida yenyewe inaanzia pale lami inapoachwa. Njia za mchanga za kuteremkia pwani, na zile za matope na milima za kwenda Maramba, zinailazimisha injini kufanya kazi nzito kwenye gia ya kwanza na ya pili: mizunguko mingi, petroli nyingi, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Ongeza tenga la machungwa au gunia la nazi, au mshikaki wa abiria wawili na mtoto, na joto linalotengenezwa linapanda wakati upepo wa kuliondoa umekaribia kutoweka. Hapo injini haina akiba ya kuchezea. Na hapo ndipo tunapoifunga nguo.

Ninazungumzia lile kava la turubai au plastiki linalofungwa kwenye gadi ya mbele, kutoka kushoto hadi kulia, ili miguu isilowe wala kupigwa na vumbi. Tazama kwa karibu pikipiki iliyovalishwa hivyo baada ya masika moja. Kava linashuka kutoka chini ya tangi hadi usawa wa sehemu za kuwekea miguu, na silinda imejificha nyuma yake yote. Nafasi kati ya pezi na pezi, ambayo ni upana wa kidole cha mtoto, imejaa udongo mwekundu uliochanganyika na oili iliyovuja kidogo kidogo kwenye gasketi, ukakauka ukawa mgumu. Udongo huo unalizuia joto kutoka, na kava linamzuia mwenye pikipiki kuuona. Wengine huongeza mpira mrefu chini ya madigadi ya mbele, unaokaribia kugusa ardhi, ambao unasaidia sana dhidi ya matope na unamega tena upepo uliobaki.

Nitajibiwa kwamba dereva naye ni mtu, ana miguu, na mvua ya Mei haina mzaha. Ni kweli, na sitamwambia mtu alowe ili pistoni ipoe. Lakini jawabu la hoja hiyo lina umri wa zaidi ya miaka sitini. Honda walipotoa Super Cub mwaka 1958 waliiwekea ngao kubwa ya plastiki ya kukinga miguu, na pikipiki hiyo ikaja kutengenezwa zaidi ya milioni 100 kufikia 2017, nyingi zikitumika katika nchi zenye joto na mvua kuliko Tanga. Haikuungua, kwa sababu silinda yake imelazwa kuelekea mbele na ngao imeachwa wazi katikati, ili upepo uingie moja kwa moja kwenye hedi. Miguu iko pembeni, injini iko katikati. Kukinga kimoja hakulazimishi kufunika kingine. Kava la kwetu linafunika vyote viwili kwa sababu tu ni rahisi kukata kipande kimoja cha turubai kuliko viwili.

Upo ubishi mwingine wenye akili zaidi: mbona bajaji imefunikwa injini yake pande zote, tena iko nyuma, na inatembea? Bajaji ni mjukuu wa Vespa. Piaggio walipotengeneza skuta ile mwaka 1946, mbunifu wake Corradino D'Ascanio, ambaye alikuwa mhandisi wa ndege, aliificha injini chini ya bati ili mpandaji asichafuke. Lakini hakuiacha bila hewa. Aliifungia feni inayozunguka na injini yenyewe, na kasha linaloubana upepo wa feni na kuulazimisha upite kwenye mapezi kabla ya kutoka nje. Wahindi wakarithi mpango huo. Wahandisi wa ndege walikuwa wameshajifunza somo hilo. Mwaka 1928, katika maabara ya Langley nchini Marekani, kikundi cha Fred Weick kiliivika injini ya ndege ya Curtiss kasha la duara. Ndege ikapanda kutoka maili 118 hadi 137 kwa saa na injini ikaendelea kupoa, kwa sababu walishughulikia mahali pa kuingilia hewa na mahali pa kutokea kwa uangalifu ule ule. Kufunika kuna ufundi wake. Hewa huenda kule inakoachiwa njia na inakovutwa. Usipoiachia pa kutokea, hata mbele haiingii.

Kwa hiyo bajaji inaishi kwa kasha lake, na hilo ndilo fundi wa haraka hulitupa. Anafungua injini, boliti mbili zinagoma kwa kutu ya hewa ya chumvi, analirudisha kasha kwa boliti moja na waya, au halirudishi kabisa, na anamwambia mteja "sasa itapata hewa zaidi". Inapata hewa pungufu. Feni inaendelea kuzunguka lakini upepo wake unatawanyika, na upande wa nyuma wa silinda haupati kitu. Bajaji iliyokaa mpakani ikiunguruma inasubiri abiria wanaotoka kugongewa pasipoti ndiyo inayoumia zaidi, kwa maana haina hata upepo wa mwendo wa kuisaidia. Ukiona mwenzako ameegesha namna hiyo, mwambie azime.

Kirikuu na vipanya vina rejeta, na mtu angedhani vimeepuka. Humo nako kosa ni la ukoo ule ule. Ngao ya plastiki inayoizunguka feni ikivunjika haibadilishwi, basi feni inarudia kuvuta hewa ile ile ya moto. Themostati inatolewa "ili maji yazunguke", wakati kwenye baadhi ya injini ndiyo pia inayofunga njia ya mkato. Ikitoka, sehemu ya maji inazunguka bila kuipitia rejeta. Kisha rejeta yenyewe inajazwa maji ya kisima cha pwani, yenye chumvi na chokaa, na baada ya muda mirija yake inaziba kwa ndani kama mapezi ya pikipiki yalivyoziba kwa nje. Mfuniko uliolegea unamaliza kazi: ulio mzima hubana maji yasichemke hadi karibu nyuzi 120, uliochoka unayaacha yachemke kwenye 100.

Atakayepinga yote haya atasema pikipiki zenye kava ziko nyingi na zinakwenda kazini kila siku. Zinakwenda, ndiyo. Joto la namna hii huua polepole. Oili inakuwa nyepesi kuliko ilivyokusudiwa na inashindwa kutenganisha chuma na chuma, ringi zinapoteza ukakamavu, silinda inalika, moshi wa buluu unaanza, dereva anaongeza oili badala ya kumwaga, na siku injini inapogoma hakuna anayekumbuka kava lililofungwa msimu uliopita. Nakubali kwamba kuna wauaji wengine: oili bandia, oili iliyopitwa na muda, kabureta iliyobanwa petroli ili "ile kidogo" na hivyo kuwasha mchanganyiko mkavu wenye moto mkali. Lakini kila mmoja wao anafanya kazi yake kwa kuzidisha joto au kwa kushindwa kulivumilia. Injini iliyoachiwa upepo wake ina nafasi ya kuyasamehe hayo, iliyozibwa haina. Wako pia wanaosema tusubiri pikipiki za umeme. Hizo zitakuja, na betri zake nazo hazipendi joto. Wakati huo huo zilizopo zitaendelea kubeba watu kwa miaka mingi.

Tatizo halisi, nadhani, liko kwenye pesa. Dereva wa hesabu anajali jioni ifike na fungu la tajiri liwe limetimia. Injini si yake, miguu ni yake, na kava linakinga miguu. Tajiri anaijali injini lakini haioni kutwa nzima. Wa mkataba, ambaye chombo kitakuwa chake akimaliza kulipa, angefaa kuwa mlinzi bora kuliko wote, ila mara nyingi anakabidhiwa pikipiki na ratiba ya malipo bila mtu kumwonyesha mapezi ni nini na yanasafishwaje kwa maji na brashi, injini ikiwa imepoa. Mikataba hiyo inataja kwa urefu adhabu ya kuchelewesha malipo. Ingeweza kuongeza mstari mmoja juu ya kava na mwingine juu ya kuosha mapezi kila wiki wakati wa masika, na tajiri akaukagua kwa macho tu siku ya kupokea hesabu. Vyuo vya VETA vinavyofundisha ufundi wa magari na pikipiki vingeweza kufundisha kwamba kasha la feni ya bajaji ni sehemu ya injini, sawa na plagi. Trafiki sitaki kuwabebesha. Wana kofia ngumu na mishikaki ya kutosha.

Na mtu wa kwanza wa kuongea naye hayumo katika orodha hiyo. Ni fundi wa kushona, mwenye cherehani na mkasi, anayekata makava ya turubai kwa kipimo cha gadi. Akate vipande viwili, kimoja cha kila mguu, na kati yake aache wazi upana wa silinda na kidogo zaidi kila upande. Turubai litakalobakia ni lake, na bei anaweza kuiacha ile ile.