Uganda: fedha ziko wilayani, amri iko Kampala

Mfanyabiashara anayevuka Mutukula, Busia au Mpondwe hulipa pande mbili. Ushuru wa forodha huchukuliwa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda na kuingia Hazina. Ushuru wa soko ni wa halmashauri. Ndiyo maana mtaro wa soko ukiziba, lawama humwangukia mwenyekiti wa wilaya. Je, anao uwezo wa kuuzibua?

Katiba ya mwaka 1995 iliahidi kupeleka madaraka kwa wananchi, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikazipa wilaya haki ya kupanga bajeti zao. Ibara ya 193 inataja ruzuku za aina tatu: isiyo na masharti, yenye masharti, na ya kuzisawazisha wilaya zilizo nyuma. Kwa vitendo, sehemu kubwa ya fedha ni yenye masharti. Hufika ikiwa imekwisha kupangiwa kazi: mishahara ya walimu, zahanati, barabara. Fedha ya darasa haichimbi kisima, hata kama kijiji kina kiu.

Serikali Kuu nayo ina hoja. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kuwa wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi ndiyo iliyofika shuleni. Kiasi kikubwa kilichobaki kiliishia mikononi mwa maofisa na wanasiasa wa wilaya.

Hata hivyo, kamba imekazwa kupita kiasi. Mwaka 2005 kodi ya kichwa, tegemeo kubwa la mapato ya halmashauri, iliondolewa, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2006. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki, kwani wasiolipa walikuwa wakikamatwa. Mwaka huohuo, uteuzi wa watendaji wakuu wa wilaya ulihamishiwa ngazi ya taifa. Kodi ya huduma na ya hoteli zilizoanza 2008 hazikuziba pengo, huku wilaya zikiongezeka kutoka 45 mwaka 1997 hadi zaidi ya 130.

Anayerejea nyumbani anaumia zaidi. Ruzuku nyingi hutazama idadi ya watu, na sensa zimefanyika 2002, 2014 na 2024. Aliyerudi kati ya vipindi hivyo, dawati la mwanawe hupangwa kwa makadirio, na halmashauri inayomwona kwa macho haina fungu la kuhamisha.

Lakini masharti peke yake siyo yaliyookoa fedha za shule. Serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikabandika matangazo ukutani. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Mzazi aliyeijua hesabu alikuwa mlinzi.

Somo ni hilo. Halmashauri ipewe fungu kubwa zaidi la kuamua yenyewe, na hesabu yake ibandikwe sokoni. Kwa sasa, mwenyekiti anachaguliwa na wananchi lakini fedha inamtii mwingine. Mwenye kibanda anayetaka mtaro uzibuliwe aulize kwanza: fedha hii ni ya aina gani, na masharti yake yamewekwa na nani? Huenda akagundua kwamba amekuwa akigonga mlango usio na mwenyewe.