Usingizi wa Mtoto Mchanga ni Kazi ya Baba na Mama



Katika kambi za mashamba ya chai na miwa hapa Uganda, na katika vyumba vya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, ugomvi mwingi wa usiku huanzishwa na kilio cha mtoto mchanga. Baba aliyetoka zamu humwambia mkewe, "Mnyamazishe mwanao, mimi nina kazi asubuhi." Kana kwamba mama naye hana kazi! Maneno hayo tuyaache.

Kwanza tujue ukweli. Mtoto wa chini ya miezi 3 anahitaji kulala saa 14 mpaka 17 katika kila saa 24, lakini halali mfululizo. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo huamka kila baada ya saa 2 au 3 kutaka maziwa. Tena bado hajui tofauti ya usiku na mchana. Huo si ukaidi wake, wala si uzembe wa mama.

Wako wanaompa dawa ya kikohozi ili alale. Hiyo ni hatari, yaweza kudhoofisha pumzi yake. Uji kabla ya miezi 6 nao si dawa ya usingizi.

Kinachosaidia ni utaratibu. Mchana akae penye mwanga na sauti za watu. Usiku taa ipunguzwe, redio izimwe, anyonyeshwe bila maongezi. Kila jioni, saa ile ile, aoshwe, anyonye, abembelezwe, halafu alazwe chali ndani ya chandarua, juu ya godoro lisilobonyea, pasipo mto. Na mtu aliyelewa asilale naye kitanda kimoja. Polepole mtoto atazoea.

Kazi hii si ya mtu mmoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa baba likizo ya siku 4 za kazi mkewe akijifungua. Siku hizo zisiishie kilabuni. Ajifunze kumwosha mtoto na kumbembeleza, na baadaye aendelee.

Mama hupewa siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Zikiisha, mtoto bado hajatimiza miezi 3, na bado anaamka usiku. Mama huyo husimama mbele ya mashine akisinzia, na mashine haina huruma.

Hapo ndipo chama kinapohusika. Mapatano namba 183 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2000, yanataka mama anyonyeshaye apewe nafasi ya kunyonyesha kila siku, nayo ihesabiwe kuwa muda wa kazi wenye malipo. Kamati za matawi zidai nafasi hiyo, na mama wa mtoto mchanga asipangiwe zamu ya usiku. Madai haya yaende pamoja na yale ya mishahara, yasingojee mwisho wa mkutano wakati watu wameanza kuondoka.