Gari la Mtumba na Usingizi wa Mang'amung'amu

Jirani yangu mmoja hapa Ndabibi aliuza ng'ombe wawili wa maziwa, akanunua gari la mtumba mjini Nakuru. Lilipoingia langoni watoto walilikimbilia kwa vigelegele. Lakini usiku wa tatu mkewe alimkuta nje na tochi, ameinama kwenye buti. Alipoulizwa, alisema anaangalia wezi.

Mwizi mwenyewe alikuwa wasiwasi. Mchana huo alipata pancha, na alipotoa gurudumu la akiba alikuta matope makavu chini yake, tena yasiyofanana hata kidogo na vumbi letu la Ndabibi. Tangu hapo akawa anajiuliza: je, gari hili liliwahi kuzama? Au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Huenda nawe, msomaji, unalala usingizi huo wa mang'amung'amu. Basi sikia: gari halina ulimi, lakini lina karatasi na lina mwili, na vyote viwili husema ukiviuliza.

Anza na karatasi. Omba rekodi ya gari kutoka kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Je, jina la mwenye gari ndilo la yule aliyepokea pesa zako? Ukiona na jina la benki au mkopeshaji, jua kwamba gari hilo ni dhamana ya mkopo. Aliyekopa asipolipa, litakuja kuchukuliwa hata likiwa limejaa viazi vyako. Kisha linganisha nambari za chasisi na injini zilizopigwa kwenye chuma na zile zilizoandikwa kwenye logibuku. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, una haki ya kukosa usingizi.

Halafu uuchunguze mwili. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Muuzaji husafisha kinachoonekana, lakini alama ya maji hubaki ndani. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha magari mengi nchini, na gari lililozama laweza kuoshwa likang'aa huku nyaya zake zikioza polepole. Soma tarakimu 4 za tarehe kwenye ubavu wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mita ikidai kilomita 40,000 na pedali ya breki imelika ikawa laini, iamini pedali. Gari likiwa limetoka Japani, dai nakala ya cheti cha kulitoa huko, ambacho huonyesha kilomita zilizorekodiwa.

Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililouzwa kuendeshwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenyewe mpya hajasajiliwa. Hata hivyo, kuna wanaoendesha kwa miaka kwa jina la mtu wasiyemjua! Siku hizo 14 si za kupiga honi tu. Ni za kuuliza maswali.

Jirani yangu alimfungulia mkewe moyo siku ya tano. Mama huyo hakufoka. Aliuliza tu, "Rekodi inasemaje?" Walipoitafuta, lo! Jina la mkopeshaji lilikuwa kando ya jina la mwenye gari. Kilichowaokoa ni kwamba mama alikuwa amekataa katakata pesa zake za chama, ambazo zingemaliza bei, zitolewe kabla logibuku haijaja kwa jina lao. Salio hilo ndilo lililomrudisha muuzaji mezani. Deni lake likalipwa na logibuku ikabadilishwa.

Na yale matope? Fundi mjini Naivasha alivuta mikanda yote, akafunua mazulia, akakuta pakavu na safi. Bila shaka ni mtu aliyepata pancha kwenye mvua, akatupa tairi chafu ndani ya buti. Mzee alikuwa akimulika matope usiku kucha, kumbe hatari ilikuwa kwenye karatasi.

Kwa hivyo, msomaji, shilingi ya mwisho isitoke mfukoni kabla jina lako halijaingia kwenye logibuku. Na siku utakayoamka usiku na tochi, mwamshe na mwenzako.