Vitabu vya ubatizo na simu ya mtafiti

Katika makanisa yetu mengi ya mashariki, historia imo ndani ya sanduku la bati kwa katibu: vitabu vya ubatizo, vitabu vya ndoa, kumbukumbu za vikao vya wazee. Mchwa na mvua huvila, vita huvitawanya. Na tangu tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipokata mji wa Goma, tunajua kwamba karatasi inaweza kutoweka kwa siku moja.

Siku hizi mtafiti wa historia haji na kalamu tu. Anapiga picha kila ukurasa kwa simu, kisha kompyuta inapanga majina na miaka. Je, tumfungulie sanduku?

Tuangalie jirani zetu wa Uganda. Watafiti Felix Meier zu Selhausen, Marco van Leeuwen na Jacob Weisdorf walitumia vitabu vya ndoa vya Kianglikana vya tangu 1895 hadi 2011. Vitabu hivyo vilitaja kazi ya bwana arusi na kazi ya baba yake. Ndoa moja haituambii mengi, lakini maelfu yakipangwa pamoja yanaonyesha nani alitoka kwenye jembe akafika ofisini. Watu wengi waliamini kwamba utawala wa Waingereza uliwaimarisha machifu na watoto wao. Vitabu vilionyesha kinyume: kati ya Wakristo hao, watoto wa watu wa kawaida walipanda pia, na faida ya machifu ikapungua polepole. Hata hivyo tusisahau, waliomo humo ni wale tu waliofunga ndoa kanisani. Kwetu pia, wangapi wanaishi pamoja miaka na miaka bila kufika mbele ya mchungaji? Kompyuta haiwaoni.

Katika nchi yetu tunao mfano mwingine. Mwaka 1965, André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa wazungu, aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha mji huo. Johannes Fabian aliitoa katika kitabu mwaka 1990, na baadaye maandishi yenyewe yakawekwa kwenye intaneti. Kijitabu cha boi, ambacho maktaba nyingi zisingekitafuta, sasa kinasomwa popote.

Lakini kitabu cha ubatizo si kijitabu cha Yav. Yeye aliandika ili asomwe. Mama aliyeleta mtoto wake kubatizwa hakutoa ruhusa hiyo. Na huku kwetu, jina la baba na la kijiji hutosha kumtambulisha mtu kabila lake. Orodha kama hiyo ikiangukia mikononi mwa wenye silaha, inaweza kuua.

Kwa hiyo tunaona hivi: picha zipigwe, na mapema, kwa maana sanduku halitangoji amani. Nakala ya kwanza ibaki kwa kanisa, nyingine ihifadhiwe mbali na mji. Majina ya walio hai yasiwekwe kwenye intaneti kamwe. Mtafiti atie sahihi mbele ya wazee kabla ya kupiga picha ya kwanza, na aahidi kurudi kueleza alichopata, kwa Kiswahili, siku ya Jumapili, wakati watu wote wapo.